Njia Hii Inaogopa Nini?

Ukifungua redio iliyokufa au chaja ya simu, utakuta ndani yake kibao cha kijani au cha kahawia chenye mistari inayong'aa. Mafundi wa simu hapa Kampala wanakiita bodi, nami nitakiita hivyo hivyo. Mistari ile ni shaba, na kazi yake zamani ilifanywa na nyaya zilizolehemewa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Katika miaka ya 1930 Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia London, alitengeneza redio ambayo nyaya zake zilikuwa mistari ya shaba iliyobandikwa juu ya ubao. Tangu hapo, karibu kila chombo cha umeme tunachokishika mkononi kina mistari ya namna hiyo ndani yake.

Kwa Kiswahili nimeamua kuuita kila mstari njia. Nilichagua neno hilo kwa sababu njia ina upana, ina urefu, hupitiwa na vitu, na aliyekwenda kwa njia hutarajiwa kurudi. Mambo hayo manne ndiyo yote ninayotaka kuyaeleza hapa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, na Kiswahili nakisoma kama somo la kuchagua. Nimeona kwamba sisi wanafunzi tunapoanza kusanifu bodi tunaziona njia hizi kama kazi ya kuunganisha tu: mguu huu wa kifaa hiki ufike kwenye mguu ule wa kifaa kile, basi. Programu ya kompyuta yenyewe inatushawishi tufikiri hivyo. Ukiifungua inakupa upana fulani wa njia, na usipoubadilisha, njia zote za bodi yako zitatoka na upana mmoja kama mistari ya daftari. Bodi itapendeza, programu itasema hakuna kosa, na bado bodi inaweza kukataa kufanya kazi.

Mwaka huu nilipata sababu ya kulifikiria jambo hili kwa makini.

Magharibi mwa Uganda wafugaji wengi hawauzi maziwa yao moja kwa moja kwa kiwanda. Wanayapeleka kwenye kituo cha kukusanyia, yanapimwa, kisha yanamiminwa ndani ya tangi moja kubwa linalopozwa hadi nyuzi joto 4 hivi, mpaka lori lije kuyachukua. Mama yangu mkubwa hupeleka dumu lake kwenye kituo kimoja cha namna hiyo. Umeme ukikatika usiku na jenereta isipowashwa, joto ndani ya tangi hupanda taratibu bila mtu kujua. Asubuhi mtu wa lori anapima maziwa na kuyakataa. Kwa kuwa maziwa ya watu wote yamechanganywa, hakuna wa kusema yake yalikuwa mazima: aliyeleta lita 5 na aliyeleta lita 100 wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Wanafunzi waliotutangulia walikuwa wameanza kutengeneza kifaa cha kuwasaidia watu wa kituo hicho. Kinapima joto la tangi, na joto likipita kiwango kilichowekwa, kinapiga king'ora, kinawasha taa ya tahadhari na kutuma ujumbe kwenye simu ya msimamizi. Walituachia programu iliyoandikwa vizuri na bodi moja waliyoitengeneza wenyewe. Bodi ilipima joto bila taabu siku nzima. Shida yake ilikuwa moja: mara nyingi ilipotaka kutuma ujumbe, ilizimika na kuwaka upya. Ikiwaka inaona joto limepanda, inajaribu tena kutuma, inazimika tena. Kwa maneno mengine, kifaa kilikuwa kizima wakati hakina la kusema, na kilianguka dakika ile ile ya kuhitajiwa.

Sisi watatu tulipewa kazi ya kusanifu bodi ya pili. Bodi ingeagizwa China, na fedha za idara zilitosha agizo moja tu, pamoja na nauli ya kuileta. Muhula ulikuwa umebaki wiki tisa. Hapakuwa na nafasi ya kuagiza, kujaribu, na kuagiza tena.

Mwenzangu wa kwanza alisema moduli ya simu ni mbovu, tununue nyingine. Wa pili alisema tatizo ni kapasita, na hapo hapo akalehemu kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na mahali umeme wa moduli unapotoka. Bodi ikapata nafuu kidogo, lakini haikupona. Mimi niliomba kwanza tuzitazame njia zinazopeleka umeme kwenye moduli ile.

Msomaji aliyewahi kuweka simu karibu na redio anakumbuka ule mlio wa trr-trr-trr unaotangulia kabla simu haijaita. Huo ni mlio wa mtandao wa GSM ukifanya kazi. Simu ya GSM hairushi mawimbi mfululizo. Inagawana masafa na simu nyingine kwa zamu, na zamu yake ikifika inarusha kwa muda usiofika milisekunde 0.6, kisha inanyamaza, kisha inarusha tena, mara 217 hivi kwa sekunde. Kila inaporusha, inakula umeme mwingi kwa kishindo. Karatasi za moduli yetu zinasema mkondo unaweza kufika ampea 2 kwa kila pigo, na zinaonya kwamba volti zisishuke chini ya 3.4 hata kwa kitambo kidogo. Zikishuka, moduli inazimika.

Bodi ya zamani ilikuwa na shaba upande mmoja tu. Njia iliyopeleka umeme kwenye moduli ilikuwa na upana wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 50, na njia ya kurudi ilikuwa na vipimo kama hivyo. Unene wa shaba kwenye bodi za kawaida ni kama maikromita 35, karibu nusu ya unene wa unywele. Ukijua urefu, upana na unene, ukinzani wa njia unaupata kwa hesabu ya kidato cha nne: kila njia ilikuwa na omu 0.1 hivi. Kwenda na kurudi ni omu 0.2. Ampea 2 zikipita hapo, volti 0.4 zinapotea njiani. Umeme ulitoka kwenye chanzo chake ukiwa volti 3.8. Toa 0.4, unabaki na 3.4, yaani ukingoni kabisa pa shimo. Antena ikipata mtandao dhaifu na moduli ikalazimika kurusha kwa nguvu zake zote, hakuna akiba iliyobaki. Tulipoweka oskiloskopu kwenye miguu ya moduli tuliona volti zikichimbwa mashimo kwa kila pigo, na mashimo mengine yalifika 3.3.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Jedwali la upana wa njia ambalo wanafunzi wote wanalitumia lisingeikataa njia ile. Jedwali hilo linauliza swali moja: mkondo huu ukipita kwenye njia ya upana huu, joto litapanda nyuzi ngapi? Kwa hesabu ya joto, mapigo ya ampea 2 yenye mapumziko marefu katikati ni sawa na mkondo wa mfululizo wa ampea 0.7 hivi. Kwa kanuni ya IPC-2221 inayotumiwa na vikokotoo vingi, njia ya milimita 0.25 iliyo juu ya bodi inabeba karibu ampea 0.87 kabla ya joto lake kupanda nyuzi 10. Kwa hiyo njia ile ilikuwa ndani ya sheria. Ukiigusa kwa kidole husikii hata uvuguvugu. Haikuwa inaungua, ilikuwa inakula volti.

Hapo ndipo nilipojipatia swali ambalo sasa naliuliza kwa kila njia ninayoichora: njia hii inaogopa nini?

Swali hilo lilieleza pia kwa nini dawa ya kapasita haikuponya. Kapasita ni kama mtungi wa maji uliowekwa ili kusaidia bomba jembamba. Mwenzetu aliuweka mtungi upande wa chanzo, kabla ya njia nyembamba, kwa hiyo maji ya mtungi nayo yalilazimika kupita kwenye bomba lile lile. Tulipouhamishia kando ya moduli tuliona nafuu zaidi, lakini hesabu ilituonyesha mpaka wake. Mikrofaradi 1000 zikitoa ampea 2 peke yake kwa muda wa pigo moja zinashuka zaidi ya volti 1. Kwa hiyo kapasita haiwezi kuubeba mzigo wote. Bado sehemu kubwa lazima ipitie njiani, na njia yenye omu 0.2 itatoza ushuru wake kabla pigo halijaisha. Mtungi ni mzuri, lakini bomba lazima lipanuliwe.

Kwenye bodi mpya tuliweka chanzo cha umeme cha moduli jirani kabisa na moduli, na njia kati yao ikawa na upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 20. Ukinzani wake hesabuni ni kama omu 0.003. Pamoja na kurudi, ampea 2 zinapoteza chini ya volti 0.02. Mtu anaweza kusema milimita 3 ni anasa kwa mkondo ambao jedwali la joto linauruhusu kwenye milimita 0.25. Si anasa, kwa sababu njia hii haiogopi joto hata kidogo.

Njia ya king'ora na taa ni kinyume chake. Vitu hivyo viwili vinatumia betri ya volti 12, na kwa pamoja vinavuta ampea 5, si kwa kishindo bali mfululizo, labda kwa saa nzima mpaka msimamizi aamke. Hapa kupoteza volti 0.1 si neno. King'ora kitalia vile vile. Hofu ya njia hii ni joto. Kanuni ile ile inasema ampea 5 kwenye shaba ya maikromita 35 iliyo juu ya bodi zinahitaji upana wa milimita 2.8 hivi ili joto lisipande zaidi ya nyuzi 10. Ukikubali lipande nyuzi 20, upana unapungua hadi milimita 1.8. Ni nani wa kuamua kama tukubali 10 au 20? Kanuni haiamui. Anayeamua ni anayejua mahali bodi itakapokaa. Yetu itakaa ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa vizuri ili wadudu na maji ya kuoshea tangi visiingie, ukutani, kwenye chumba chenye paa la mabati. Hewa ndani ya sanduku kama hilo mchana inaweza kuwa na joto kubwa tayari kabla ya njia yoyote kuongeza lake. Tulichagua nyuzi 10, kisha tukaongeza upana hadi milimita 4 kwa sababu nafasi ilikuwepo. Shaba iliyokwisha kubandikwa kwenye bodi umeilipia; kiwanda kikiiondoa hakikurudishii fedha.

Kuna njia ambazo haziogopi joto wala kupoteza volti. Njia inayobeba habari kutoka kwenye kihisi cha joto hadi kwenye mikrokontrola inapitisha mkondo mdogo mno, na hata ingekuwa na upana wa milimita 0.1 ingetosha kwa hesabu zote mbili. Hofu yake ni kiwanda na mkono wa binadamu. Kila kiwanda kina upana mdogo kabisa kinachoweza kuuchora bila njia kukatika, na ukiukaribia mpaka huo bei inapanda na bodi mbovu zinaongezeka. Halafu siku moja fundi wa kituo atataka kubadilisha kifaa kilichokufa kwa chuma cha kulehemu kisicho na ncha kali, na njia nyembamba sana itabanduka pamoja na kifaa. Tulitumia milimita 0.3 kwa njia hizo zote. Hakuna hesabu nyuma ya namba hiyo, ila kuna fundi.

Mpaka hapa nimezungumzia upana. Swali la matabaka lilituchukua siku nyingi zaidi, na ndilo lililotugawa.

Bodi ya tabaka moja ina shaba upande mmoja. Inaweza kutengenezwa chuoni kwa karatasi, pasi na feriki kloraidi, na jioni hiyo hiyo ukaanza kuilehemu. Mwenzangu wa kwanza aliipendelea kwa sababu hiyo: tungeweza kurudia mara tano bila kuagiza chochote. Ubaya wake ni kwamba njia mbili haziwezi kupitana. Zikikutana, moja lazima izunguke au ivushwe kwa waya juu. Njia za habari zikishazunguka, njia za kurudi hazina tena pa kupita ila pembeni, nyembamba na ndefu. Ndivyo ilivyokuwa bodi ya zamani. Walioisanifu hawakuichora njia ya kurudi iwe nyembamba kwa kupenda. Tabaka moja liliwaachia nafasi hiyo tu.

Sisi wanafunzi tunaisahau safari ya kurudi kwa sababu michoro yetu inatufundisha kuisahau. Katika mchoro wa saketi, kila kifaa kinachotaka kurudisha umeme kinachorewa alama ndogo ya ardhi chini yake, na habari inaishia hapo, kana kwamba umeme umemwagwa mchangani. Kwenye bodi hakuna mchanga. Kila kilichokwenda kinarudi kwenye chanzo kwa shaba, na shaba hiyo ina ukinzani kama shaba nyingine yoyote. Nusu ya volti zilizopotea kwenye bodi ya zamani zilipotea katika kurudi, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

Kiswahili kinasema maji hufuata mkondo. Umeme unaobadilika polepole nao hufuata njia yenye ukinzani mdogo, na ukipewa uwanda mpana wa shaba unasambaa. Lakini umeme unaobadilika kwa kasi una tabia nyingine ambayo iliniwia vigumu kuikubali mpaka nilipoisoma mara ya tatu: unapenda kurudi chini kabisa ya njia uliyoendea, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Kadiri kwenda na kurudi kunavyokaribiana, ndivyo duara la umeme linavyokuwa dogo, na duara dogo halirushi mawimbi ovyo wala halipokei mawimbi ya jirani. Ukikata uwanda wa shaba ulio chini, kivuli kinalazimika kuzunguka mkato, duara linapanuka, na bodi yako inageuka antena usiyoiomba. Ndiyo maana redio inalia simu ikiwa karibu. Kihisi chetu cha joto nacho kingeweza kuyasikia mapigo hayo 217, na kuyaandika kama nyuzi joto ambazo hazipo.

Kwa hiyo tabaka la pili kwangu halikuwa nafasi ya ziada ya kuchorea njia. Lilikuwa ni barabara ya kurudia. Nilipendekeza njia zote zichorwe juu, na upande wa chini wote uachwe kuwa uwanda mmoja wa shaba, ardhi tupu, isipokuwa pale ambapo njia mbili zimekutana juu na moja inahitaji kushuka kwa kitundu, kupita chini kidogo na kupanda tena. Kila mshuko kama huo ni jeraha kwenye uwanda, kwa hiyo ulipaswa kuwa mfupi, na usikae chini ya njia ya moduli wala ya kihisi. Mchoro wa kwanza ulikuwa na mishuko 31. Kwa kugeuza tu vifaa na kuvisogeza, tulishuka hadi 6.

Mwenzangu wa pili alitaka matabaka manne, na hoja yake haikuwa ya kupenda makuu. Alikuja na hesabu ya antena. Njia inayotoka kwenye moduli kwenda kwenye antena inaogopa kitu cha tatu, ambacho si joto wala kupotea kwa volti. Mawimbi yanayopita humo yanataka upana wa njia ulingane na umbali wake kutoka kwenye uwanda wa shaba ulio chini, ili moduli, njia na antena vyote viwe na omu 50. Visipolingana, sehemu ya mawimbi inagonga na kurudi ilikotoka. Kwenye bodi ya matabaka mawili yenye unene wa kawaida wa milimita 1.6, uwanda uko mbali, na upana unaotakiwa ni milimita 3 hivi, mpana kuliko mguu wa moduli wenyewe. Kwenye bodi ya matabaka manne, tabaka la pili linaweza kuwa chini ya la kwanza kwa milimita 0.2 tu, na upana unashuka hadi karibu milimita 0.35, unaoingia kwenye mguu bila taabu. Pia uwanda wa ardhi wa ndani haukatwi na chochote. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli.

Nilimjibu kwa swali lile lile: je, njia hiyo ni lazima iwepo? Zipo moduli ambazo zina kitundu chao cha kuchomekea waya wa antena. Tukitumia moduli ya aina hiyo, mawimbi hayaingii kwenye bodi yetu hata kidogo, na hofu ya tatu inaondoka pamoja na njia yake. Nilimwonyesha pia kwamba njia ya ampea 5 ikizamishwa ndani ya bodi, kanuni ile ya zamani inadai upana wa milimita 7 badala ya 2.8. Yeye akanijibu, kwa haki, kwamba vipimo vipya zaidi vya IPC-2152, vilivyotoka mwaka 2009, vimeonyesha kuwa matabaka ya ndani hayateseki kwa joto kiasi hicho, kwa sababu faibaglasi inapitisha joto vizuri kuliko hewa. Nilikubali, na sikuitumia tena hoja hiyo. Tulibakiwa na moja: matabaka manne yangetatua tatizo ambalo tumeshaliondoa, kwa fedha ambazo zingetosha kununua betri ya kifaa.

Simaanishi kwamba matabaka mawili yanatosha daima. Kifaa chenye kichakataji cha kasi, chenye miguu mamia iliyopangwa chini ya tumbo lake, hakiwezi kusanifiwa hivyo. Miguu ya katikati haitapata njia ya kutokea, na mapigo yake ya kasi yanahitaji kivuli kilicho karibu sana. Mtu akiniletea kazi kama hiyo kesho, nitaanza na matabaka manne bila kuona aibu. Lakini kuna wanaodhani matabaka mengi ni alama ya usomi, na wapo wanaodhani tabaka moja ni alama ya uzalendo wa kujitengenezea. Bodi haijali lolote kati ya hayo.

Siku ya kuutetea mchoro mbele ya wahadhiri, kabla agizo halijalipiwa, msimamizi wetu aliweka kidole kwenye njia ya milimita 3 akauliza, "Kwa nini 3? Kwa nini si 2?" Nikasema, "Mwalimu, 2 ingetosha. Kwa milimita 2 tungepoteza chini ya volti 0.01 zaidi. Tumechukua 3 kwa kuwa nafasi ipo na haituongezei gharama." Akahamisha kidole hadi kwenye njia ya kihisi. "Na hii kwa nini 0.3?" Nikamweleza habari za fundi na chuma chake cha kulehemu. Aliniangalia kidogo, kisha akasaini.

Bodi zilifika baada ya wiki tatu. Tuliwasha, tukaweka oskiloskopu mahali pale pale, tukaiamuru itume ujumbe. Mapigo yalionekana bado, kwa sababu moduli haijabadili tabia yake, lakini mashimo hayakufika hata volti 0.1. Tulituma ujumbe 200 mfululizo na bodi haikuzimika. King'ora kililia saa nzima ndani ya sanduku lililofungwa, na majirani wa maabara walikuja kulalamika.

Ndani ya mfuniko wa sanduku hilo, lililopo sasa ukutani kituoni, tumebandika karatasi yenye safu tatu: jina la njia, upana wake, na inachokiogopa. Njia ya moduli, milimita 3, kupoteza volti. Njia ya king'ora, milimita 4, joto. Njia za habari, milimita 0.3, kiwanda na fundi. Upande wa chini, shaba yote, usikate: ni njia ya kurudi. Tumeiandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Wanafunzi watakaopewa kazi ya kusanifu bodi ya tatu wataikuta hapo, na wakitaka kubadilisha namba yoyote, watajua ni hofu gani wanapaswa kuijibu kwanza.